Kumbukumbu Iliyokaa Mahabusu

Jaji Mtweve alipouliza kama upande wa Jamhuri uko tayari, Subilaga Mwaisumo alijua jibu kabla wakili wa Serikali hajasimama. Alikuwa wakili mpya tena, mwanamke mwenye miwani mikubwa, na jalada mbele yake lilikuwa bado limefungwa.

"Mheshimiwa Jaji, shauri hili nimekabidhiwa wiki iliyopita baada ya mwenzangu kuhamishwa. Naomba muda wa kulisoma. Vilevile mtaalamu wa kisomeo yuko kwenye vikao vya mkoa wa jirani, hatarudi karibuni."

Jaji akamgeukia wakili wa utetezi, Hosiana Sanga.

"Tunapinga, Mheshimiwa. Mteja wangu anaumaliza mwaka wa saba mahabusu. Kila tukija hapa kuna sababu, na kila sababu ukiisikiliza peke yake ina mantiki. Tukizijumlisha ndiyo tunapata miaka saba."

Jaji alivua miwani akajifuta macho. Hakuwa mtu mbaya. Watu wa mji wa Mtalawanda walimjua kuwa hali rushwa na hachelewi kufika kazini. "Siwezi kumlazimisha wakili aendeshe kesi asiyoijua," alisema, "na siwezi kuwasha kisomeo mwenyewe. Ushahidi upo, umehifadhiwa, hauendi popote. Shauri linaahirishwa mpaka kikao kijacho."

Kizimbani, mshtakiwa Odilo Mgaya aliinamisha kichwa kama mtu aliyesalimiwa. Askari walimshika mikono, ile mikono yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, wakamrudisha chini.

Subilaga alibaki ameketi. Ushahidi ambao hauendi popote ulikuwa wake. Ulitolewa kichwani mwake alipokuwa amelazwa wodini, siku chache baada ya ghala la kiwanda cha pareto kuungua na bintiye Lusajo kufia humo. Askari aliyekuja na mashine alimweleza taratibu, kwa huruma. Shahidi anaweza kutishwa, kuhongwa, kusahau, hata kufa. Kumbukumbu ikichotwa na kuwekwa ndani ya punje ya kioo haitishwi wala haihongwi. Ili pasiwe na kumbukumbu mbili zinazopingana, ile ya kichwani hufutwa. Ikishasomwa kwa mashine ya kisomeo mbele ya jaji, mwenyewe hurudishiwa. Miezi mitatu tu, mama, alisema yule askari. Subilaga alitia kidole gumba kwenye kioo cha mashine, kukubali.

Tangu hapo alijua kuwa mwanawe amekufa kwa namna ile mtu anavyojua habari za nchi nyingine. Siku ile aliikumbuka mpaka mchana tu. Asubuhi Lusajo alikuwa amejikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, akazifanya mabaka mabaka, na Subilaga alimfokea maneno ambayo mzazi hapaswi kumwambia mtoto wa miaka kumi na miwili. Msichana alitoka kwenda shule bila kuaga. Baada ya mchana, patupu. Halafu kitanda cha hospitali. Wafanyakazi wenzake walimwambia kwamba Lusajo alionekana akiingia kiwandani jioni, na kwamba ghalani walikuwa wote wawili. Walikuwa na saa nzima, pengine zaidi. Walisemezana nini? Saa hiyo ilikuwa ndani ya punje.

*

Jengo la Hifadhi ya Ushahidi lilikuwa nyuma ya mahakama, sehemu kubwa yake ikiwa imechimbiwa ardhini ili libaki baridi. Mtunza hifadhi, Fidelis, alimfungulia mlango mwenyewe.

"Pole na mahakama, Mama Lusajo."

"Wameahirisha."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuita." Alimpeleka mpaka kwenye dirisha dogo la kioo. Upande wa pili, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na punje yenye ukubwa wa mbegu ya mahindi, inang'aa kwa mbali kama maji ya chupa. "Ubongo hauachi shimo wazi milele. Unaliziba. Ikipita miaka saba, hata tukirudisha, hautaipokea. Utaweza kuitazama kwenye kisomeo kama watu wengine, lakini haitakuwa yako. Utakuwa unamtazama mwanamke fulani na mtoto fulani."

"Kikao kijacho ni baada ya miaka saba kutimia."

"Ndiyo. Sheria inakupa haki ya kuidai kabla ya hapo, ni mali yako. Lakini ikiingia kichwani kabla jaji hajaisoma, haihesabiki tena. Mahakama itasema imechafuka."

Subilaga alitazama korido. Taa zilikuwa zikijiwasha moja baada ya nyingine mbele yao, na milango iliendelea mpaka mbali. "Ziko nyingi kiasi gani humu?"

"Tuliacha kuhesabu punje, tunahesabu vyumba." Fidelis alisita. "Zamani mashahidi walikuwa wanazeeka, wanahama. Mahakama ilikuwa inakimbizana na hayo, na mara nyingi ilishindwa, lakini angalau ilikimbia. Sasa hakuna kinachoharibika. Mtu akiomba wiki mbili anapewa miezi sita, maana kitapotea nini?"

"Nitapotea mimi," alisema Subilaga.

Fidelis alisema tu kwamba kwa mujibu wa sheria lazima awaarifu mawakili wa pande zote mbili.

*

Hosiana Sanga alikuja nyumbani kwa Subilaga kesho yake mchana. Subilaga hakurudi tena kiwandani baada ya moto. Alikuwa na kikaushio chake kidogo uani, na wakati huo alikuwa akigeuza maua ya pareto juu ya trei. Wakili alisimama kwenye harufu ile kali, viatu vyake vya mjini vikiwa vimejaa vumbi.

"Sitakuzunguka, Mama Lusajo. Nimekuja kukuomba usiichukue."

"Wewe una mtoto?"

"Ninao wawili."

"Basi rudi kwao."

Hosiana hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Serikali inasema Odilo alikuwa ameambiwa ataachishwa kazi yake ya ulinzi kiwandani, kwa hasira akafunga mlango wa ghala na kuwasha moto. Wana ufunguo uliokutwa mfukoni mwake, wana mikono yake iliyoungua. Hayo yanatosha kumfunga maisha. Yeye anasema hakuwasha. Anasema aliyeona yote ni wewe, na kwamba siku punje yako itakaposomwa atarudi nyumbani. Miaka yote hii hajasema kitu kingine. Ukiichukua, kesi itaendelea bila punje, kwa ufunguo na makovu."

"Na kama anadanganya? Kama punje inaonyesha anawasha?"

"Basi itamfunga kwa haki. Vyovyote vile tutajua."

"Nyinyi mtajua," Subilaga alisema. "Mimi nitakuwa natazama mwanamke fulani na mtoto fulani."

Alirudi kwenye trei. Alitaka mgeni aondoke na wakati huohuo alitaka asiondoke, kwa sababu kulikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu jana. Hatimaye akauliza bila kugeuka, "Kabla ya hizi punje, walikuwa wanafanyaje?"

"Kufanya nini?"

"Kesi. Mtu akiwa ameona kitu."

Hosiana alicheka kidogo, bila furaha. "Alisimama akasema."

"Tu?"

"Alikula kiapo, akasema, akaulizwa maswali. Basi."

"Sheria hiyo ilifutwa?"

Subilaga alimwona wakili akitafuta kichwani, ukurasa baada ya ukurasa. "Haikufutwa," alisema mwishoni, polepole. "Iliachwa tu. Hakuna anayeitumia kwa sababu hakuna anayeiamini. Mtu anaweza kusahau, anaweza kuficha. Anaweza kumwonea mtu. Punje haifichi." Akasimama. "Mama Lusajo, unachofikiria ni hatari sana kwa mteja wangu. Badala ya ushahidi usio na shaka atakuwa na maneno ya mama aliyefiwa, ambaye dakika ileile ndiyo kwanza anamwona mwanawe akifa."

"Najua. Ndiyo maana sitaamua peke yangu. Nipeleke nikamuulize."

*

Chumba cha kuonana na mahabusu kilikuwa na meza moja na kinasa sauti kilichofungwa ukutani. Hosiana alikuwa ameshawaonya wote wawili: Odilo akisema neno lolote kuhusu jioni ile, itahesabiwa amemfundisha shahidi, na ushahidi wake utatupwa.

Kiwandani, Subilaga alikuwa akimwamkia kila asubuhi langoni. Sasa shikamoo ilimkwama. Mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa amepungua mpaka shingo ilionekana ndefu.

"Mama Lusajo," Odilo alisema.

"Baba Edina. Edina hajambo?"

"Ameolewa. Ana mtoto, ameanza kutembea. Nimeonyeshwa picha." Aliweka mikono juu ya meza, kisha akaitoa, kama aliyekumbuka jinsi inavyoonekana.

"Wakili amekueleza ninachotaka?"

"Ameeleza."

"Nikisema kwa mdomo hutakuwa na punje. Utakuwa na mimi. Na sijui nitakuta nini humo, wala sijui nikikikuta nitakuwa mtu wa namna gani. Labda nitakuchukia hata kama huna kosa, kwa kuwa wewe uko hai."

Odilo alitazama kinasa sauti, akafikiri kabla ya kusema. Ilikuwa wazi kwamba ana mengi, na anayazunguka kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala.

"Mimi ninajua kilichotokea," alisema. "Siwezi kukwambia, na wewe huna sababu ya kuniamini. Punje ingesema sawasawa, najua. Lakini punje haina haraka, mama. Inaweza kukaa kule miaka mingine saba na isipungukiwe kitu. Mke wangu alikufa nikiwa humu, na mimi kifua hiki hakinipi muda mrefu."

"Huogopi?"

"Naogopa sana."

"Kama ndiye uliyemuua mwanangu, nitasema."

"Useme," alisema Odilo. "Useme hayo na mengine yote utakayoyakuta. Hata yale utakayotamani kuyaruka."

Subilaga alimtazama ili aone kama amekosea na kusema zaidi ya alivyoruhusiwa. Taa ndogo ya kinasa sauti iliendelea kuwaka vilevile.

*

Maombi ya Subilaga yaliletwa mahakamani kwa hati ya dharura, siku chache kabla miaka saba haijatimia. Wakili wa Serikali alipinga kwa nguvu. Alisema mahakama itakuwa imerudi gizani, kwamba mtu mzima anaomba kuharibu ushahidi safi ili alete ushahidi mchafu. Jaji Mtweve alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama sheria ya kiapo imefutwa, na wakili akakiri haijafutwa. Akauliza kama mtaalamu wa kisomeo amepatikana, na wakili akakiri hajapatikana.

"Basi shahidi arudishiwe mali yake," alisema Jaji, "na atuambie leo hii."

Fidelis alifanya kazi ile ndani ya ukumbi, mbele ya wote. Alimfunga Subilaga utepe wa vitambuzi kuzunguka kichwa na kuiweka punje kwenye kikombe cha mashine. Mashine ililia kidogo. Punje ikafifia mpaka ikawa kioo cha kawaida.

Subilaga alikuwa akitarajia picha. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu. Kwanza joto, halafu maumivu, halafu ghafla mguu ni wako na umekuwa wako siku zote. Alikumbuka tu, kama unavyokumbuka ulikula nini jana.

Lusajo aliketi juu ya magunia, kilemba cha mama yake kimefunika ule mkato mbaya. Alikuwa bado amenuna. Alikula karanga bila kumkaribisha mama yake, na alipoulizwa habari za shule alisema nzuri, basi. Subilaga alitaka kumwomba radhi, akajiambia atafanya hivyo nyumbani wakati wa kula. Mtoto akalala. Hapakuwa na neno la kusamehe wala la kuaga. Neno lake la mwisho kabla ya usingizi lilikuwa, "Mama, hili gunia linawasha."

Kisha mlangoni sauti ya Odilo: Kuna mtu humo? Nafunga.

Subilaga akashika ukingo wa kizimba.

"Shahidi," Jaji alisema, "umeapa. Tueleze uliyoyaona."

Alianza. Alisema mshtakiwa alifunga mlango kwa nje, yeye na bintiye wakiwa ndani. Wakili wa Serikali aliandika haraka, na Hosiana akafumba macho. Alisema kwamba baadaye, mlango ukiwa umefungwa na hakuna mtu mwingine ndani, aliona cheche kwenye mota ya feni ya kikaushio, na moto ukashika vumbi la pareto kabla hajafika hapo. Odilo hakuwa ndani. Alisema alipiga mlango na kupiga kelele, na mlango ukafunguliwa, na Odilo akaingia kwenye moto akamburuta yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, kisha akarudi kwa ajili ya mtoto, akashika nguzo ya chuma iliyoziba njia akaivuta kwa mikono mitupu, na paa likashuka.

Akaishia hapo. Ukumbi mzima ulidhani amemaliza.

Wakili wa Serikali alisimama. "Shahidi, umesema mshtakiwa aliwafungia ndani. Alijua mko ndani?"

Punje isingesubiri. Ingeonyesha na kuendelea. Subilaga alisimama na jibu mdomoni, na alielewa kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kulitoa humo bila yeye kutaka. Sijui. Neno hilo moja lingetosha. Odilo alikuwa akimtazama bila kuomba chochote.

"Hakujua," alisema. "Aliita. Aliuliza kama kuna mtu, akasema anafunga. Nilimsikia vizuri."

"Ukajibu nini?"

"Sikujibu. Watoto walikuwa hawaruhusiwi ghalani, ningekatwa mshahara. Na mwanangu alikuwa amelala. Niliwaza kwamba nitapita mlango mdogo wa nyuma. Nilisahau kuwa walikuwa wameuziba siku ile kwa magunia mapya." Sauti yake ilikuwa inasikika vizuri, jambo lililomshangaza. "Nilinyamaza ili asijue tupo. Akafunga kwa sababu nilinyamaza."

Wakili wa Serikali alivua miwani yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mheshimiwa, sina swali lingine."

*

Hukumu ilisomwa wiki ileile. Jaji alisema kwamba shahidi aliyejifunga mwenyewe kwa maneno yake bila kulazimishwa ni vigumu kumwita mwongo, na kwamba kosa la kuua halikuthibitika. Odilo Mgaya alitoka kwa mlango wa mbele akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Jamhuri ikakata rufaa. Ilisema Mahakama imefungua mlango hatari, na kwamba mashahidi wa kesi zote zilizolala hifadhini wataanza kudai vichwa vyao. Hilo la pili lilikuwa kweli. Ndani ya miezi michache Fidelis alikuwa na foleni mlangoni. Wengine walikuja kuchukua na kusema, wengine kuchukua na kukimbia. Hosiana alimwambia Subilaga kwamba ameshashuhudia mwanamume akisema uongo mtupu chini ya kiapo, na mtu akafungwa kwa uongo huo. Hakumlaumu. Alimwambia tu ajue.

Mtaani, baadhi ya watu waliacha kumsalimia. Odilo alikuja mara moja na Edina na mjukuu. Walikunywa chai. Mtoto alichezea maua ya pareto, wakamnyang'anya. Odilo alipoaga alimshika Subilaga bega kwa mkono wake wenye makovu.

Wakati wa kugeuza trei, sauti ilimrudia: Kuna mtu humo? Kila siku alijibu. Kila siku alijibu akiwa amechelewa. Lakini kilikuwepo pia kile kilemba, karanga, mdomo ulionuna, na vyote vilikuja kwa pamoja. Hakuweza kupokea kimoja na kukataa kingine. Baadaye, masika yalipoanza, aligundua kwamba hakumbuki tena kilemba kilikuwa cha rangi gani. Aliketi chini uani akalia, kwa mara ya kwanza kama mtu aliyefiwa.

Siku hizo ndipo wakili wa Serikali alipokuja, peke yake, bila jalada. Alikataa kiti kwanza, kisha akakaa.

"Rufaa haijapangiwa tarehe," alisema. "Huenda ikachukua muda. Majaji wa rufaa watataka kukusikia, na nimeambiwa kumbukumbu ikikaa kichwani huchakaa. Ofisi inapendekeza tuichote tena. Safari hii tutaitunza vizuri zaidi." Aliinamisha macho. "Nami kwa upande wangu, mama, nilifikiri ungepumzika. Hungelazimika kuijua tena."

Subilaga alifikiria. Alilifikiria kweli, si kwa ajili ya adabu. Angeamka kesho akiwa mama aliyegombana na mwanawe asubuhi moja, basi. Mlangoni pasingekuwa na mtu anayeita.

"Kweli nimeanza kusahau," alisema. "Kilemba kimeshaondoka. Sijui mwakani kitaondoka nini."

"Basi turuhusu."

"Hapana." Alinyanyuka, akachukua trei, akaanza kutandaza maua mapya kwa vidole. "Itakaa hapa hapa nilipo. Wale majaji wa rufaa wakiihitaji, waambie wawahi."